Dawa Imenikera: Niache, Nivumilie au Nirudi kwa Daktari?

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wa rika na maradhi tofauti, lakini nyingi zinaishia pamoja: mgonjwa aliandikiwa dawa, dawa ikamletea maudhi, akaiacha kimyakimya, na daktari wake bado anaamini anaimeza. Karibu kila maudhi yaliyotajwa humu yana njia ya kuyapunguza au dawa mbadala. Machache hayasubiri tarehe ya kliniki, nayo tumeyataja waziwazi. Majina ya dawa tumeyaandika kama yanavyotamkwa, kwa hiyo herufi zitatofautiana kidogo na za kwenye boksi lako. Ukiwa na shaka, mwoneshe mfamasia boksi lenyewe.

SWALI: Nimeandikiwa atovastatini ya kushusha kolesteroli. Nilipofika nyumbani nikasoma karatasi iliyomo ndani: misuli kuuma, ini, kisukari, kukosa usingizi, orodha haiishi. Tangu juzi boksi liko mezani. Kuna mtu anayemeza kitu cha namna hiyo akiwa na akili timamu?

JIBU: Wapo wengi sana, na wengi wao hawapati hata moja kati ya hayo. Karatasi hiyo inaorodhesha kila kilichowahi kuhusishwa na dawa, kikubwa na kidogo, na mpangilio wake unamtisha msomaji asiyejua pa kuanzia.

Orodha ya madhara isome mwisho. Anza na sehemu inayosema nani asitumie dawa hii: ujauzito, kunyonyesha, ugonjwa wa ini au figo, mzio. Kisha soma sehemu ya dawa nyingine zisizokaa nayo pamoja. Kwa atovastatini, antibayotiki za klarithromaisini na erithromaisini huipandisha kwenye damu, na juisi nyingi ya balungi hufanya vivyo hivyo. Sehemu hizo mbili zikiwa hazikugusi, umeshavuka hatari kubwa zaidi.

Sasa rudi kwenye orodha ya madhara ukiwa na vipimo vyake. Karatasi nyingi zinatumia maneno yenye hesabu maalumu nyuma yake. "Ya kawaida sana" ni zaidi ya mtu 1 kati ya 10. "Ya kawaida" ni kuanzia mtu 1 kati ya 100 hadi 1 kati ya 10. "Si ya kawaida" ni kuanzia 1 kati ya 1,000 hadi 1 kati ya 100. "Nadra" ni kuanzia 1 kati ya 10,000 hadi 1 kati ya 1,000, na "nadra sana" ni chini ya hapo. Maumivu ya misuli yameandikwa kwenye kundi la "ya kawaida", lakini katika majaribio ya dawa za aina hii, watu waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani nao walilalamika kuumwa misuli kwa kiwango kinachokaribiana sana. Kuvunjika kwa misuli kwa kiasi cha kuumiza figo ni nadra, na kuna dalili zake: misuli inauma sana au inalegea bila sababu, na mkojo unakuwa wa rangi ya kahawia iliyokolea. Ukiona hayo, acha kidonge na uende hospitali siku hiyohiyo. Ukiona uchovu wa kawaida baada ya kazi nzito, endelea na dawa.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 52. Nilianzishiwa enalaprili ya presha miezi miwili iliyopita. Presha imeshuka vizuri, ila nina kikohozi kikavu, hasa usiku, koo linawasha kama lina unyoya. Nimemaliza chupa tatu za dawa ya kifua. Nilianza kuikata enalaprili nusu, hakuna nafuu.

JIBU: Marahaba mama. Kikohozi hicho kina kila dalili ya kutoka kwenye enalaprili, na dawa ya kifua haiwezi kukiondoa. Enalaprili hushusha presha kwa kuzuia kimeng'enya fulani mwilini. Bahati mbaya kimeng'enya hichohicho ndicho kinachovunja kemikali iitwayo bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini inarundikana kwenye njia ya hewa na kuichokoza. Dawa zote ambazo majina yake yanaishia na "prili" zina tabia hiyo: kaptoprili, lisinoprili, ramiprili. Kuhamia nyingine ya ukoo huo ni kupoteza muda, na kukata kidonge nusu hakusaidii kwa sababu kikohozi hiki hakifuati ukubwa wa dozi. Kilichoweza kupanda kwa kukata dozi ni presha yako, nayo ikipanda haikupigii hodi.

Rudi kwa daktari wiki hii, mweleze kikohozi kilianza lini, na umuulize kuhusu kuhamishiwa kundi la "sartani", kwa mfano losartani. Kundi hilo linafanya kazi mbele ya kimeng'enya hicho bila kukigusa, hivyo kikohozi huwa nadra. Endelea na enalaprili kwa dozi uliyoandikiwa mpaka siku ya kubadilishiwa. Baada ya kubadilisha, usikate tamaa mapema: kikohozi huchukua kati ya wiki 1 na 4 kuisha, na kwa baadhi ya watu hadi miezi 3.

Mambo matatu ya kuongezea. La kwanza, si kila kikohozi cha mtu anayemeza enalaprili kinatoka kwenye enalaprili. Makohozi yenye damu, homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito, au kushindwa kupumua ukilala chali vinahitaji vipimo vya kifua na moyo. La pili, midomo, ulimi au uso ukivimba, hata kama umeitumia dawa mwaka mzima bila shida, hiyo ni dharura. Usimeze kidonge kingine, nenda hospitali papo hapo, na usirudie tena dawa yoyote ya "prili". Uvimbe huo unaweza kuziba koo. La tatu ni kwa wasomaji wa kike walio katika umri wa kuzaa: "prili" na "sartani" zote zinaumiza figo za mtoto aliye tumboni, kwa hiyo mwambie daktari mapema ukipanga kushika mimba.

SWALI: Mimi natumia amlodipini 10 mg. Ikifika jioni viatu havinitoshi, miguu imevimba. Nimeambiwa figo zimekufa.

JIBU: Nani kakuambia, na kwa kipimo gani? Amlodipini hutanua mishipa midogo inayopeleka damu kuliko inayoirudisha, hivyo maji huvuja na kutuama vifundoni. Hutokea zaidi kwa dozi ya 10 mg kuliko 5 mg, huvimba miguu yote miwili, na hupungua ukiamka asubuhi. Dawa ya kukojoza haisaidii sana hapa. Daktari anaweza kuirudisha dozi kwenye 5 mg au kukuongezea dawa ya kundi la "prili" au "sartani", ambayo hupunguza uvimbe huu. Pima figo kwa sababu una presha, si kwa sababu ya viatu. Ukivimba mguu mmoja tu, ukauma na kuwa wa moto, au ukipata shida ya kupumua, usisubiri.

SWALI: Baba yetu ana miaka 67 na kisukari. Anameza metformini na glibenklamidi. Tangu metformini ipandishwe anaharisha karibu kila siku, hata chakula kimemshinda. Juzi alfajiri tulimkuta amelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Tulimpa maji ya sukari akazinduka, tukashukuru Mungu. Je, metformini ndiyo inayomdhuru?

JIBU: Mna matatizo mawili kutoka kwenye dawa mbili tofauti, na lile la alfajiri ndilo la hatari zaidi.

Tuanze nalo. Metformini ikiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inaishusha, kwa sababu inalilazimisha kongosho kumwaga insulini hata kama mgonjwa hajala. Mzee anayeharisha na asiyekula, huku akiendelea kumeza glibenklamidi, sukari yake itaporomoka tu. Tena dawa hii hukaa mwilini kwa muda mrefu, zaidi figo zikiwa zimechoka. Sukari inaweza kupanda kwa maji mliyompa na kushuka tena saa chache baadaye, mkiwa mmeshalala. Ndiyo maana mtu ambaye sukari yake imeshuka kwa sababu ya glibenklamidi anapaswa kupelekwa hospitali na kuangaliwa, hata akionekana mzima. Mpelekeni leo, na mwulizeni daktari kama dawa hii bado inamfaa kwa umri wake. Wazee wengi huhamishiwa dawa nyingine kwa sababu hiihii.

Ikitokea tena, fanyeni hivi. Pimeni sukari kama kipimo kipo: chini ya 4 mmol/L, yaani kama 70 mg/dL, ni kushuka. Kama kipimo hakipo na dalili zipo, msipoteze muda kukitafuta. Mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye nusu glasi ya maji. Subirini dakika 15, pimeni tena. Bado iko chini? Rudieni. Ikipanda, apate chakula cha wanga, maana sukari ya glasi haikai. Akiwa hajitambui au hawezi kumeza, msimtie kitu chochote mdomoni, maana kitaingia kwenye mapafu. Hapo ni hospitali moja kwa moja. Na kama anatumia pia propranololi au atenololi, mjue kwamba dawa hizo huficha kutetemeka na moyo kwenda mbio. Jasho ndilo linalobaki kuwa ishara.

Sasa kuharisha. Kwa metformini ni jambo la kawaida sana, na mara nyingi husababishwa na kupandisha dozi haraka au kuimeza tumbo tupu. Utaratibu unaovumilika ni kuanza na 500 mg mara moja kwa siku pamoja na mlo mkubwa, kukaa wiki nzima, kisha kuongeza 500 mg nyingine, na kuendelea hivyo kwa hatua. Kidonge kimezwe katikati ya mlo, si kabla. Wengi tumbo hutulia ndani ya wiki chache. Lisipotulia, ipo metformini inayoachia dawa polepole (boksi lake lina herufi XR au SR), ambayo tumbo huipokea vizuri zaidi. Msishtuke mkiona ganda la kidonge hicho kwenye choo, dawa imeshatoka ndani yake.

Lakini kuharisha au kutapika kunakomkausha mgonjwa maji, kwa sababu yoyote ile, ni sababu ya kusimamisha metformini kwa muda na kuwasiliana na kliniki. Figo zikikosa maji haziitoi dawa, na asidi inaweza kurundikana kwenye damu. Figo zake zipimwe angalau mara moja kwa mwaka. Na kama ametumia metformini kwa miaka mingi na sasa analalamika ganzi miguuni, ombeni apimwe vitamini B12. Metformini huipunguza, na ganzi yake hufanana na ile ya kisukari chenyewe.

SWALI: Nilipokuwa mtoto nilitokwa na vipele nilipopewa amoksilini. Tangu hapo kila hospitali nasema nina aleji ya penisilini. Rafiki yangu muuguzi anasema huenda sina. Nimwamini?

JIBU: Ana hoja. Watu wapatao 9 kati ya 10 walioandikiwa kwenye faili kwamba wana mzio wa penisilini hukutwa hawana wanapopimwa kitaalamu. Baadhi walikuwa na ugonjwa wa virusi uliotoa vipele wenyewe, wengine waliharisha tu, na wengine walikuwa nao kweli ukaisha kwa miaka. Kubeba jina la mzio usiokuwepo kuna gharama yake, maana utapewa antibayotiki zisizo chaguo la kwanza, wakati mwingine zenye madhara zaidi. Lakini usijipime nyumbani kwa kumeza kidonge kimoja uone. Kipimo hicho hufanyika mahali penye sindano ya adrenalini na watu wanaojua kuitumia.

Kinachomsaidia daktari kuamua ni maelezo yako. Muulize mzazi: vipele vilitokea muda gani baada ya dozi, dakika au siku? Vilikuwa vinundu vilivyoinuka, vinavyowasha na kuhamahama, au madoa bapa? Uso ulivimba? Mtoto alikorota kifuani? Alilazwa? Je, aliwahi kupewa tena amoksilini baadaye bila shida? Jibu la "ndiyo" kwa swali hilo la mwisho linaweza kumaliza mjadala wote.

Kwa jumla mzio wa dawa una sura tatu. Inayokuja ndani ya saa moja, yenye vinundu vya kuwasha, midomo kuvimba, kifua kubana au kizunguzungu cha kuanguka, ndiyo inayoua haraka. Tiba yake ni adrenalini kwenye msuli wa paja, kisha hospitali. Mwenye historia hiyo asipewe penisilini wala ndugu zake kama ampisilini na kloksasilini, na aseme kabla ya kupewa antibayotiki za jamii ya sefalosporini. Inayokuja baada ya siku kadhaa, madoa mekundu bapa bila homa, huwa ndogo, nayo humalizika yenyewe. Mpigie aliyekuandikia dawa kabla ya dozi inayofuata.

Sura ya tatu ni lazima kila msomaji aijue. Homa, macho mekundu, vidonda mdomoni au sehemu za siri, ngozi kuuma ikiguswa, kisha malengelenge na kuchunika. Dawa zinazojulikana kwa hili ni kotrimoksazoli, nevirapini, kabamazepini, fenitoini, lamotrijini na alopurinoli, na kwa kawaida hutokea ndani ya wiki 8 za kwanza. Hapa kanuni ya kutoacha dawa bila kumwambia daktari haifanyi kazi. Acha dawa sasa hivi, nenda hospitali ukiwa na boksi lake mkononi. Kuchelewa siku moja ukisubiri "ngozi ipoe" kunaweza kukugharimu macho au uhai, na dawa hiyo hutaigusa tena maisha yako yote.

SWALI: Nilimeza kapsuli ya doksisaiklini usiku kitandani kwa funda moja la maji, nikalala. Asubuhi kifua kinaniuma katikati kila ninapomeza, hata mate. Ni moyo?

JIBU: Kwa maelezo hayo, dawa imekuchoma koromeo la chakula. Kapsuli ilinata njiani, ikayeyuka palepale, na doksisaiklini ni kali ikigusa utando ule. Mara nyingi hupona ndani ya siku chache hadi wiki kadhaa. Ukishindwa kumeza kabisa, ukitapika damu, au maumivu yakienda begani na mkononi hata bila kumeza, nenda ukaangaliwe mara moja. Mwone aliyekuandikia kabla ya kuendelea na dozi, maana anaweza kukupa tembe badala ya kapsuli au dawa nyingine.

Kumeza kidonge kuna ufundi wake. Kaa wima au simama. Piga funda la maji kwanza kulainisha njia, weka dawa, kisha malizia glasi nzima, si nusu. Tembe huzama, lakini kapsuli huelea, kwa hiyo unapomeza kapsuli inamisha kichwa mbele kidogo badala ya kukitupa nyuma kama wengi wanavyofanya. Usilale kwa dakika 30. Doksisaiklini iliwe na chakula, lakini iachane kwa saa 2 hadi 3 na maziwa, vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia zenye kalsiamu, magnesiamu au alumini, maana hushikana nayo tumboni ikapita bila kufyonzwa. Jua kali nalo litakuunguza upesi kuliko kawaida, vaa nguo ndefu.

Na kwa kuwa wengi wenye shida ya kumeza hukimbilia kusaga: angalia jina kwanza. Herufi SR, XR, MR au neno "retadi" maana yake dawa imetengenezwa itoke kidogokidogo kwa saa nyingi. Ukiisaga unaimwaga yote kwa mkupuo, na nifedipini ya namna hiyo ikisagwa inaweza kuangusha presha mpaka mtu azimie. EC maana yake ganda linalinda tumbo dhidi ya dawa, au dawa dhidi ya asidi ya tumbo. Hayo yote humezwa mazima. Muulize mfamasia kama ipo ya maji.

SWALI: Nimetumia predinisoloni miezi minne. Uso umekuwa mviringo, sukari imepanda. Nimechoka, kesho naacha.

JIBU: Usiache kesho. Ukitumia predinisoloni zaidi ya wiki 3 hivi, tezi zilizo juu ya figo hulala na kuacha kutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Ukikata ghafla, unaweza kulegea, kutapika, presha na sukari kushuka, hata kupoteza fahamu, na zaidi ukipatwa na homa au upasuaji wakati huo. Dozi hushushwa kwa hatua za wiki kadhaa au miezi, na ratiba hiyo anaandika daktari. Nenda ukamwambie kuhusu uso na sukari. Mpaka hapo, meza dozi yote asubuhi baada ya kula, itakupunguzia kukosa usingizi na kiungulia. Kozi fupi ya siku 5 kwa ajili ya pumu ni jambo jingine, hiyo humalizika bila kushushwa.

Nyingine zisizoachwa ghafla ni propranololi na ndugu zake (moyo hurudi kwa kishindo), dawa za kifafa, diazepamu iliyotumiwa muda mrefu, na dawa za sonona.

SWALI: Nina presha, nameza enalaprili na haidroklorothiazidi. Mgongo unauma, nimepewa diklofenaki. Nina na mafua, nimenunua vidonge vya mafua na parasetamoli juu yake. Nameza vyote asubuhi. Kuna ubaya?

JIBU: Kuna ubaya mara mbili.

Diklofenaki, kama ibuprofeni, hubana mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio vya figo. Enalaprili hulegeza mshipa wa kutokea, na haidroklorothiazidi hupunguza maji ya damu. Zikikutana zote tatu, msukumo wa kuchuja unakwisha na figo zinaweza kusimama ndani ya siku chache, hasa kwa mzee au mtu anayeharisha. Juu ya hapo diklofenaki hupandisha presha unayoishusha. Iache, na umwambie daktari wako umemeza vidonge vingapi. Mkojo ukipungua sana, nenda upimwe leo.

Kwa mgongo, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwako, lakini hesabu zake zichungwe. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya 500 mg, viwili kwa wakati na vikiachana angalau saa 4. Mwenye uzito chini ya kilo 50, mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe apunguziwe. Sasa geuza boksi la vidonge vya mafua usome viungo: vingi vina parasetamoli ndani. Ukiongeza na ile uliyonunua pembeni, unavuka kikomo bila kujua. Tena vingi vya kufungua pua vina dawa ya kubana mishipa, ambayo mwenye presha hatakiwi kuimeza. Aliyezidisha parasetamoli anaweza kujisikia mzima siku nzima huku ini linaharibika. Dawa ya kuikata sumu hiyo, asetilisisteini, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8, hivyo usingoje kuumwa ndipo uende.

SWALI: Mtoto wangu ana kilo 12. Chupa ya parasetamoli imeandikwa 120 mg/5 ml, niliambiwa "kijiko kimoja". Kijiko kipi?

JIBU: Hakuna kijiko cha jikoni kinachoaminika, vinatofautiana sana. Dai sirinji ya kumezesha au kikombe chenye mistari. Dozi ya mtoto ni 10 hadi 15 mg kwa kila kilo moja. Kwa kilo 12 ni 120 hadi 180 mg, yaani ml 5 hadi 7.5 za dawa hiyo, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Tikisa chupa kwanza. Sirinji elekeza upande wa ndani wa shavu, sukuma polepole, usilenge kooni. Ukibadilisha chupa rudia hesabu, kwa sababu ipo pia ya 250 mg/5 ml, na ml zilezile zitampa mtoto zaidi ya mara mbili.

MAFUPI

*Natumia dawa za kifua kikuu, mkojo na machozi vimekuwa rangi ya chungwa.* Ni rangi ya rifampisini, haina madhara, ila itatia doa lenzi za kuvaa machoni. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi na ukitapika, hilo ni ini: simamisha dawa, nenda kliniki siku hiyohiyo. Rifampisini pia huvunja nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango, na huendelea hivyo wiki 4 baada ya kuimaliza. Kitanzi cha shaba hakiathiriki.

*Pombe na metronidazoli?* Usinywe siku zote za dozi na saa 48 baada ya kidonge cha mwisho.

*Nikisahau dozi, nimeze mbili?* Hapana. Kwa dawa nyingi, ukikumbuka mapema meza, na ukiwa karibu na dozi inayofuata ruka uliyosahau. Vidonge vya uzazi wa mpango vina kanuni yake kwenye karatasi, ifuate hiyo. Na kama unatumia methotreksati ya baridi yabisi, hiyo ni mara moja kwa wiki. Chagua siku, iandike juu ya boksi kwa kalamu nene, na vidonge vya asidi ya foliki visimezwe siku hiyo. Kuna watu waliopoteza maisha kwa kuimeza kila siku. Ukishafanya kosa hilo, hata kama ni kwa siku mbili tu na hujisikii chochote, nenda hospitali sasa hivi ukiwa na boksi.